Kampeni Yangu ya Malewa

Jumanne, 2 Septemba

Siku kubwa! Mama Maximilla anaachia kiti. Alisimama baada ya chai, akavua miwani, akasema ameiongoza Klabu ya Huduma ya Wanale vya kutosha na sasa duka lake la dawa linamhitaji. Rais mpya atachaguliwa Jumamosi ya wiki ijayo huko Jinja, kwenye mkutano wetu wa pamoja na klabu ya kule. Wanachama wote wakageuka kunitazama. Au walitazama saa ya ukutani nyuma yangu. Vyovyote vile, walitazama upande wangu.

Nani mwingine anafaa? Mfanyabiashara wa magodoro, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, mkazi wa Namakwekwe, msemaji wa Kiswahili sanifu katika mji ambao hata mwalimu husema "kitu yangu". Mpinzani ni mmoja tu: Afande Enos, askari magereza mstaafu. Mtu anayepiga soksi pasi.

Kazi ya klabu ni kuinua vijana wenye biashara na kuwafundisha uongozi. Kila mlezi ana kijana wake. Huko Jinja vijana watajieleza mbele ya Bi Rania, mnunuzi wa hoteli moja kubwa kando ya Nile. Atakayempendeza atauza bidhaa zake hotelini. Kijana wangu akishinda, kiti ni changu. Wazi kama mchana.

Enos amepewa Douglas wa Nakaloke, anayesaga karanga kwa mashine ya baiskeli aliyoiunda mwenyewe. Mimi nimepewa Phiona wa Namatala. Anauza malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi. Yananuka kama jiko la bibi. Si neno. Godoro jipya nalo hunuka na watu hulalia.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda Namatala kumlea Phiona. Suti ya buluu. Nilibisha mlango wa kwanza nikapiga hodi kwa sauti ya kiume, Kiswahili safi. Bibi mmoja akaingiza kuku wake ndani na kufunga komeo. Phiona alinieleza baadaye kwamba mara ya mwisho mtu kupiga hodi kwa Kiswahili cha namna hiyo mlangoni pale alikuwa amevaa sare, na aliondoka na mbuzi. Nikamwambia bibi kupitia dirishani kwamba mimi ni wa magodoro tu. Akaongeza meza nyuma ya mlango.

Phiona ana umri wa miaka ishirini na tatu na macho yasiyopepesa. Anafanya kazi na wasichana watatu wa mtaa. Wananunua malewa kwa wanaoshuka nayo mlimani, wanayachambua, wanayarudisha kwenye moshi, wanayafunga kwenye mifuko ya karatasi. Nilimweleza dira, mkakati na ujasiri. Alisikiliza huku akifunga mifuko. Mwishowe akasema, "Bwana Wabwire, mimi nataka gari ya kwenda Jinja na mtu wa kunitambulisha. Ile ingine najua."

Maskini. Hajui asichokijua. Aliniuliza kama nimewahi kupika malewa. Nikasema mara nyingi sana. Sikusema mara nyingi za nani.

Ijumaa, 5 Septemba

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Mifuko ile haina sura! Nikaenda kwa mchapishaji, nikatengeneza lebo nzuri: picha yangu nikikunja mikono, mlima nyuma, na maneno NGUVU YA WABWIRE, YATOKA MLIMANI. Chini kwa herufi ndogo, jina la klabu. Nikabandika kwenye mifuko michache aliyonipa kama sampuli, nikaipanga dukani mbele ya magodoro.

Imekwisha kabla ya saa sita mchana! Wanaume watupu. Walinunua wakitazama pembeni. Mmoja akaniuliza kwa kunong'ona kama inatafunwa kabla au baada ya chakula, na kama mwenye presha anaruhusiwa. Nikamjibu kwamba inafaa familia nzima. Akanitazama kwa hofu.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama Maximilla alipiga simu asubuhi. Hakunisalimu. Alisema wanaume wamefika dukani kwake kuulizia dawa ya nguvu yenye jina la klabu, na mchungaji wake ni mmojawapo. Ameniamuru nizichome lebo zote.

Phiona naye alikuja, akaitazama lebo moja muda mrefu. Akasema kwao mlimani malewa ni chakula cha heshima, hupikiwa wageni. Sasa mama yake anaulizwa sokoni kama binti yake ameanza uganga. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nimechoma lebo. Zile zenye maneno. Zile za picha yangu pekee, nilizochapisha za ziada, sikuona sababu.

Jumapili, 7 Septemba

Jemadari hujua silaha za adui. Baada ya ibada nilivaa kofia pana nikaenda Nakaloke kuipeleleza mashine ya Douglas. Nilijitia mteja wa karanga. Douglas ni kijana mwenye adabu kupita kiasi. Alisema mteja lazima auone ubora kwa miguu yake mwenyewe, akanipandisha juu ya baiskeli.

Nilikanyaga pedali. Karanga zilisagika. Watu walikusanyika. Nikashangiliwa, na mimi nikishangiliwa siwezi kuacha. Nilisaga karanga zake zote, kisha jirani akaleta za kwake. Nilipoinua kichwa kufuta jasho, Afande Enos alikuwa amesimama mbele yangu na simu, soksi zimenyooka, akipiga picha.

Picha imo kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Ameandika: "Hata mlezi mwenzetu Wabwire amekuja kumsaidia kijana wetu. Huu ndio moyo wa huduma." Mama Maximilla ameweka alama ya makofi. Katibu wetu Racheal ameandika amina. Sijui kama nimedhalilishwa au nimefanyiwa kampeni. Nachukua la pili.

Jumatatu, 8 Septemba

Siwezi kupanda ngazi. Nimeuza magodoro nikiwa nimelalia mojawapo. Wateja walidhani naonyesha bidhaa.

Nikiwa chali nimepata mpango bora kuliko yote. Kura hupitia tumboni! Jumatano klabu inakula chakula cha mchana pamoja. Nitawapikia malewa kwa mkono wangu. Phiona sitamwambia, liwe jambo la kumshangaza.

Jumatano, 10 Septemba

Limemshangaza.

Nilichemsha malewa tangu nilipomaliza kifungua kinywa. Yalionekana yamelainika. Nikamwaga rojo la karanga juu, nikapamba na nyanya. Wanachama wakaomba baraka, wakatia kinywani. Wakatafuna. Wakatazamana. Wakatafuna. Mama Maximilla alikuwa ahutubie, lakini hakuweza kufungua meno wala kuyafunga. Racheal alisoma taarifa ya kikao kilichopita tonge likiwa limehamia shavuni. Hakuna aliyeelewa neno, taarifa ikapitishwa.

Enos alimeza! Mbele ya wote. Akasema gerezani alikula magumu zaidi na hakulalamika, akaomba aongezewe. Watu wakampigia makofi. Mnafiki! Jicho lilikuwa linamtoka machozi.

Phiona aliingia kuniletea ratiba ya Jinja. Akaiona sahani. Aliniuliza kama niliyaloweka usiku kucha. Nikauliza kuloweka ndio nini. Akaenda kwa kila mwanachama, meza kwa meza, akaomba radhi kwa kazi ambayo si yake. Kisha akanivuta kando. Alisema wale wasichana watatu wamekaa moshini wiki nzima kwa ajili ya siku ya Jinja. Hoteli ikikubali, watakuwa na kazi ya mwaka. Ikikataa, Santa, mdogo wao, atarudi kubeba mchanga. Aliniomba jambo moja tu: nibebe maboksi ya malewa kwenye pikapu yangu hadi Jinja, nisiyafungue, nisiyapike, nisiyape jina.

Nimeapa. Nilihisi kitu kifuani nikiapa. Nadhani ni karanga.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika Jinja, kwenye bustani ya hoteli, mto unapita kama haujasikia habari.

Wanachama walipanda basi dogo, costa, pamoja na vijana. Mimi nilitangulia na pikapu, maboksi matano nyuma. Njiani baada ya Tirinyi nikafikiria: nimeapa nisiyape jina. Picha si jina! Na lebo za picha nilikuwa nazo chini ya kiti. Nikaegesha kando ya barabara, nikafungua boksi la kwanza, nikaanza kubandika uso wangu kwa gundi. Kazi safi. Nilifungua la pili, la tatu, la nne, mifuko nikaipanga kwenye turubai gundi ikauke.

Mvua ilikuja bila kubisha. Nilikimbia na mfuko huku, nikarudi na mfuko kule. Karatasi zikapasuka. Wino ukachuruzika, nikaona nyuso zangu zote zikilia pamoja. Niliyarundika malewa nyuma yakiwa yanaogelea, nikaendesha.

Nilipofika costa ilikuwa imeshafika. Phiona alikuja mbio kupokea mzigo, akafunua turubai. Alichukua kipande cha malewa kilichovimba maji, na karatasi yenye nusu ya sharubu zangu imenata juu yake. Nilimweleza habari ya mvua. Akauliza mvua iliingiaje ndani ya boksi lililofungwa.

Nilinyoosha kidole kwenye boksi la tano.

"Boksi moja halikuguswa," nikasema.

Akakaa juu ya tairi la pikapu. Nilidhani atalia. Badala yake aliyaminya yale malewa kwa vidole, akayanusa, akasema mvua imeshayalainisha, yaliyolowa hayauziki tena, kufikia Jumatatu yataoza, basi yapikwe leo, yote. Akasimama na kuanza kutoa amri. Alimwendea mpishi mkuu wa hoteli akamwomba sufuria mbili na chumvi. Akamwambia Douglas ashushe baiskeli asage karanga mpya, zilizosagwa jana hazifai. Douglas alisema yeye ni mshindani wake. Phiona akamjibu, "Wewe saga, mimi napika, mgeni atakula mara moja. Ataacha wewe namna gani?" Douglas akapanda baiskeli.

Kisha ikawa kama kambi. Enos alikata vitunguu kwa mstari ulionyooka, akiitikia "ndiyo afande" kila Phiona alipomwambia jambo. Afande! Yeye, kumwita binti afande! Mama Maximilla alikoroga. Racheal alichochea moto. Wanachama wa Jinja, waliokuja na tai zao, waliosha sahani. Mimi nilitoa ushauri, nikapewa kisu na rundo la malewa nichambue yaliyobaki magumu. Nilichambua. Hakuna aliyenishangilia, na nilichambua hivyo hivyo. Sijui ni kwa nini.

Bi Rania alifika katikati ya moshi. Hakukuwa na hotuba wala jukwaa. Alipewa sahani ya malewa kwa karanga na ndizi. Akala wima. Akaomba kiti. Akaomba sahani ya pili akiwa hajamaliza ya kwanza. Kisha akauliza nani kiongozi wa kikundi hiki. Nilikohoa, nikarekebisha tai. Vidole vyote vilimwelekea Phiona, kikiwemo kidole cha Enos, na kwa mshangao wangu kimoja cha kwangu, maana nilikuwa nimeshika kisu kwa mkono ule na kilielekea huko chenyewe.

Amechukua boksi lile kavu, na ataagiza kila mwezi. Malewa ya Phiona, karanga za Douglas, pamoja. Phiona alitoka nje akapiga simu Namatala. Nilisikia wasichana wakipiga vigelegele ndani ya simu, hadi akaisogeza mbali na sikio. Hapo ndipo alipolia.

Baada ya chakula, uchaguzi. Mama Maximilla alisema vijana wote sasa wamepokelewa kuwa wanachama kamili, na kwamba klabu ya kufundisha uongozi haina budi kuutambua ikiuona. Akampendekeza Phiona. Enos akaunga mkono, mwenyewe, kwa saluti! Nilikuwa naongea na mhudumu wakati huo. Nikaona mikono imeinuka, nikadhani wanaulizwa nani anataka chai. Nikainua yangu, yote miwili, maana nilikuwa na kiu.

Imeandikwa kwamba amechaguliwa bila kupingwa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelala vizuri. Nimeamka nikiwa na mwanga.

Tuhesabu mambo kwa haki. Nani alileta mvua kwenye malewa? Bila mimi, Phiona angesimama na mifuko mikavu na hotuba, na Bi Rania angesema asante, tutawasiliana. Mimi ndiye baba wa ushindi huu. Nilimweleza rais mpya jambo hilo baada ya ibada. Alinitazama kwa macho yale yasiyopepesa, akacheka hadi akashika ukuta, akaniambia, "Bwana Wabwire, we ni mtu mubaya, lakini kuja kikao." Akanipa cheo: mwenyekiti wa kamati ya kuosha sufuria. Nimekubali. Wakubwa wengi walianzia kwenye kamati.

Lakini jana, wakati wa kuosha sahani, mwanachama mmoja wa Jinja aliniambia habari tamu. Rais wao anahamia Kampala mwezi ujao. Kiti kitakuwa wazi! Na watu wa Jinja hawanijui kabisa, jambo ambalo ni faida kubwa. Wana binti mmoja, Rashida, anafuga samaki kwenye vizimba ziwani huko Masese, na hana mlezi. Nimeshampigia simu. Amesema anahitaji mtu wa kumtambulisha kwa wanunuzi tu, mengine anayajua.

Maskini. Naenda Jumanne na suti ya buluu kumwonyesha kazi inavyofanywa. Sijawahi kufuga samaki, lakini nimefikiria jambo hili kwa makini sana. Samaki tayari wako majini. Kuna nini cha kuharibika?