Malalamiko ya Rubani Anayeitwa Mezani

Kwa Shangazi yetu mheshimiwa, mwenyekiti wa kikao cha familia cha Jumapili,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila ndoa inapigwa na upepo wa ubavuni.

Nimesikia binti yenu, mke wangu, amekufikishia mashtaka: kwamba nikiitwa kula siji, na kwamba ile kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege iuzwe. Shangazi, mimi ni fundi cherehani. Kutwa nimeinama juu ya suruali za watu. Jioni naomba niinuke kidogo. Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni.

1. Ndege haishuki kama mtu anavyoshuka kitandani. Rubani huanza kushuka uwanja ukiwa hata hauonekani. Unachukua kimo kwa maelfu ya futi, unazidisha kwa tatu, unapata maili. Ukiwa futi elfu thelathini, unaanza maili tisini kabla. Sasa binti yenu huita "Chakula tayari!" nikiwa maili ya tisini na moja. Sisemi ni makusudi, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

2. Juzi niliitika kama mume mwema, nikaacha usukani, nikala. Niliporudi, uwanja ulikuwa nyuma na ndege iko juu ya bahari, na abiria wote hao dhamana yangu. Binti yangu akasema, "Baba, si mchezo tu?" Niliumia sana.

3. Ukweli ni kwamba ukoo mzima haujui kupanga kushuka. Shemeji akija hutangaza "Haya, mimi naondoka" akiwa bado mawinguni. Husimama, huegemea mlango, huanza habari za jirani, huomba maji. Nilipomshauri kwa adabu aanze kuaga tangu kwenye chai, alibeba mkoba akatoka papo hapo. Kumbe anaweza! Lawama nikatupiwa mimi.

4. Hata wewe Shangazi, kwa heshima zote, nasaha zako siku ya harusi yetu zilipita uwanja mara mbili.

Kwa hiyo naomba kikao kiamue kwamba chakula kitangazwe sufuria inapobandikwa, si inapoipuliwa. Na kwamba kila mgeni atoe taarifa ya kuondoka akiwa bado kwake. Kompyuta isiguswe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na shemeji pia, akishamaliza kununa.

Mkweo mtiifu, mkanda nimefunga,
Fundi

Tanbihi: Jana nikiwa naandika haya ya juu, ndege ilikuwa angani na saa ya kuanza kushuka ikanipita. Mke wangu alikuwa akipita na sahani. Akatazama kioo cha kompyuta, akaketi, akauliza abonyeze wapi, akazungusha ndege na kuitua taratibu kuliko nilivyowahi mimi. Nilimpigia makofi, na hapo ndipo nilipokosea. Tangu jana hashikiki. Leo nimepika mwenyewe, nikamwita, akajibu, "Subiri mume wangu, ndiyo kwanza naanza kushuka." Watoto wamekula wakaondoka. Niko mezani na kiti chake kitupu, mchuzi umeganda. Shangazi, kumbe kumngoja mtu aliye chumba cha pili kunauma hivi, na mwenzangu amevumilia miezi yote hii. Kompyuta iuzwe, na tafadhali msingoje Jumapili.