Ukurasa Mmoja Unatosha

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimekuwa mwenye hisa! Mama amenipa pesa za upasuaji wa macho yake nikalipe hospitali. Upasuaji wenyewe ni tarehe 18. Sasa pesa zikae bure wiki mbili za nini? Nimenunua hisa za kampuni ya saruji. Wala sikukurupuka. Niliazima taarifa yao ya mwaka kwa dalali wa hisa, nikaenda kutoa kopi. Wanatoza kwa ukurasa, nami si mjinga, nikatoa mmoja tu, ule wa mali. Fedha taslimu: bilioni nane! Wataniangushaje watu hawa?

Jumatano, 6 Machi
Dada kaja. Mhasibu wa kiwanda cha mikate, lakini anavyojiona! Nikamwonyesha kopi. Akauliza ukurasa wa madeni uko wapi. Nikasema sikuuhitaji. Akanieleza polepole, kama mtoto: chukua mikopo yote, toa fedha taslimu, kinachobaki ndilo deni halisi. Kisha tazama kama faida inaweza kulibeba. Akatafuta kwenye simu. Mikopo bilioni thelathini na nane. Toa nane, thelathini. Faida ya mwaka bilioni mbili. Akauliza pesa za hisa nilizitoa wapi. Nikasema akiba yangu. Wivu unamsumbua.

Jumatatu, 11 Machi
Kampuni imeshindwa kulipa benki. Hisa zimeshuka zaidi ya nusu. Nimeuza zote kwa bei hiyo hiyo. Jioni Mama akaniomba nimsomee risiti ya hospitali. Nikashika kopi ya saruji, nikamsomea risiti isiyokuwepo, hadi mhuri. Akaniombea baraka. Nikatoka nje nikalia.

Jumatano, 13 Machi
Nimekiri. Dada alinitukana vya kutosha. Mama hakugomba. Heri angegomba! Aliuliza tu zimebaki ngapi. Nikasema nusu haifiki. Akawa anapapasa cherehani yake, ile iliyotusomesha sote wawili.

Ijumaa, 15 Machi
Cherehani imeuzwa. Aliyeinunua alihitaji watu wawili kuibeba, mmoja wao nilikuwa mimi. Ukijumlisha na zile nilizorudisha, pesa zimetimia. Dada alitaka kuzipeleka mwenyewe, kazini wakamnyima ruhusa. Mama akasema nipeleke mimi, ananiamini. Akanitia bahasha mkononi, akaikunja mikono yangu juu yake. Nikaapa kwamba nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Kosa lilikuwa kutoa kopi ya ukurasa usio wenyewe! Nimepita kwa dalali mara moja. Kuna kampuni ya rangi. Safari hii nimetoa ukurasa wa madeni peke yake. Mikopo bilioni moja tu! Ule wa fedha taslimu wa kazi gani?

Hospitali inapokea malipo hadi Jumatatu asubuhi. Dalali anafunga leo saa kumi. Naomba tu foleni isiwe ndefu.