Badilisha Zote

Jumatatu, 3 Machi
Nimejiandikisha chuoni. Kozi ya Kompyuta kwa Wanaoanza, wiki mbili, chumba cha chini karibu na vyoo. Sababu niliyompa mke wangu: elimu haina mwisho. Sababu ya kweli: yeye yuko ghorofani, anasoma Mapambo ya Ndani, na kazi yake ya mtihani ni sebule yetu. Sebule nzima. Jumamosi ya wiki ijayo jopo la watahini litakuja nyumbani kuikagua.
Sebuleni kuna kiti changu. Cha mbao, mikono mipana, kitambaa kilichokuwa cha kijani. Kiko dirishani. Nimekikalia tangu nilipostaafu kufundisha sarufi, miaka kumi na mmoja, na kimeshika umbo langu kama kiatu kinavyoshika mguu. Juzi mke wangu alikipima kwa futi kamba, akaguna. Mtu hapimi kiti anachokitakia mema.
Mpango: nijifunze kompyuta, niingie kwenye faili lake, niokoe kiti.

Jumanne, 4 Machi
Somo la kwanza. Mkufunzi ni binti niliyemfundisha zamani. Nilimpa thelathini na moja kwa mia katika sarufi, naye hajasahau. Aliniamkia kwa adabu zote, kisha akaniambia mbele ya darasa kwamba kipanya hushikwa kama yai, Mwalimu, si kama chaki.
Jirani yangu wa dawati ni tarishi mstaafu. Ana vidole viwili tu vinavyofanya kazi lakini vinakimbia. Aliandika mistari mitatu kabla sijaiona herufi M. Nilimwambia mistari yake haina hata koma moja. Akajibu kwamba yeye kashafika, koma zitamfuata kwa miguu.
Darasa lilicheka. Sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi wa kwanza. Mke wangu alikwenda kuchagua vitambaa vya mapazia, akaacha kompyuta yake wazi mezani. Nikasoma. Mambo mengi kuhusu rangi na mwanga. Mwishoni kabisa, chini ya skrini, maneno haya: "Kiti cha mzee kitolewe nje".
Basi. Miaka thelathini na nane ya ndoa, na mzee mwenyewe hakuulizwa.
Huenda sentensi iliendelea chini zaidi, lakini kushusha ukurasa ni somo la wiki ijayo. Hata hivyo nimesoma vya kutosha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ijumaa, 7 Machi
Leo tumefundishwa jambo kubwa. Unaiambia kompyuta itafute neno na kuweka jingine mahali pake. Kitufe kimeandikwa "Badilisha Zote". Nilinyoosha mkono, nikauliza zote ni zipi, kwa sababu kama ni maneno ilipasa kuwa "yote". Mkufunzi alivuta pumzi. Tarishi alisema nibonyeze tu, ngeli itajitetea yenyewe.
Nilikuwa nimekwisha kuacha kusikiliza. Nilikuwa naona mbingu zikifunguka.
Niondoe "kiti" kwenye faili zima, niweke kitu kingine kitolewe badala yake. Kitu gani? Kabati? Upuuzi. "Kabati cha mzee kitolewe" ingemshtua hata mtoto wa darasa la pili. Mtu asiye na elimu angenaswa hapo hapo. Mimi nahitaji neno la ngeli ile ile, ili viambishi vyote vibaki mahali pake bila mshono kuonekana.
Kioo! Kiti changu, kioo changu. Kiti kitolewe, kioo kitolewe. Na sebuleni hatuna kioo hata kimoja. Watatoa kisichokuwapo, na kilichopo kitabaki.
Nimetembea hadi nyumbani nikipiga mluzi. Sijapiga mluzi tangu nilipooa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefanya. Mke wangu alikuwa akioga. Tafuta: kiti. Weka: kioo. Badilisha Zote. Kompyuta ikaniarifu kwamba imefanya mabadiliko arobaini na sita.
Arobaini na sita! Sikujua kwamba chuki ya mwanamke yule dhidi ya kiti changu ni kubwa kiasi hicho. Kurasa tisa tu, na amekitaja mara arobaini na sita.
Wakati wa chai nilicheka peke yangu mara mbili. Mke wangu akaniuliza kuna nini, baba. Nikamwambia kozi inanifurahisha.

Jumatano, 12 Machi
Amechapisha kazi yake chuoni na kuikabidhi. Fundi wa kuhamisha vitu naye amepewa nakala. Mke wangu ana furaha, anaimba jikoni. Anasema akipata cheti atafungua kaofisi kake, na kwamba amelisubiri jambo hili tangu mtoto wetu wa mwisho aanze shule. Nimeosha vikombe bila kuambiwa. Mshindi huwa mpole.
Leo pia tumejifunza kushusha ukurasa. Ni rahisi mno.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika nikiwa nimesimama.
Fundi alifika saa mbili asubuhi na karatasi yake. Alikuwa na ukurasa wenye orodha ya vitu vinavyobaki, na kanuni yake ni moja: kisichokuwa kwenye orodha kinatoka. Akakibeba kiti changu mpaka kibarazani. Nilipomzuia alinionyesha maandishi. Kinachobaki ni kioo cha mzee. Akaniuliza kioo chenyewe kiko wapi, maana amekitafuta mpaka bafuni.
Hapo jopo likaingia, watu watatu. Mwenyekiti wao ni mtu mnene mwenye miwani midogo. Alisimama katikati ya sebule na kusoma kwa sauti. Kazi ya mke wangu ilikuwa imeelekezwa kwa "Mwenyekioo wa Jopo, Kioovo cha Mapambo".
Akafuta miwani. Akaendelea. "Ukiooa ukuta rangi nyepesi, chumba hupanuka." Akauliza kama ukuta huo una wazazi, ili apeleke posa kwanza. "Wageni wakioozama nje, wapate kivuli." Mwanamama wa jopo alijifunika uso kwa faili.
Kisha akafika kwenye ukurasa wa pili, mahali ambapo skrini ilinikatia. "Kioo cha mzee kitolewe nje, kipigwe jua, kishonwe kitambaa kipya, kisha kirudishwe dirishani. Ndicho kiini cha chumba hiki. Mzee hukikalia kila asubuhi, na asipokikalia, nyumba huwa kama haina mwenyewe."
Watu wote watatu walinitazama sehemu ya nyuma. Yule mwanamama aliniuliza kwa huruma kama nimewahi kushonwa.
Kirudishwe, aliandika. Kiini, aliandika.
Mke wangu alisema kwa sauti ndogo kwamba lazima mdudu ameingia kwenye mashine. Mwenyekiti akaanza kukubali. Ndipo mke wangu akaichukua karatasi, akaisoma tena polepole, na akasema: "Lakini ni mdudu gani huyu anayejua ngeli?"
Wote wakageuka. Hata fundi.
Miaka thelathini na minne nimefundisha "-ki-" ya masharti. Ukitaka, ukija, ukilala. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya "ukitia" na "wakitizama" kumekaa kiti.
Mwenyekiti alisema hawezi kuamua jambo zito namna hii akiwa amesimama. Akatoka kibarazani afikiri. Akakalia kiti changu. Akalala dakika ishirini. Mke wangu alikaa jikoni, mikono mapajani, bila kunitazama, na hizo ndizo dakika ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi.
Aliporudi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisema rangi ni safi, mwanga ni safi, maandishi ni maafa, lakini cheti hakitolewi kwa maandishi. Amefaulu. Wa pili kwa ubora. Angekuwa wa kwanza.
Akatia cheti saini, kisha akageuka kukitazama kiti kupitia mlangoni, kama mtu anayeaga mchumba. Mke wangu akamwambia akichukue, kwani kwenye orodha hakimo. Fundi akakipakia.
Gari lilipoondoka mke wangu aliniambia sentensi moja tu, na sarufi yake haikuwa na dosari: "Sasa yeye ndiye mwenye kiti, wewe ni mwenyekioo."

Jumapili, 16 Machi
Sebule inapendeza. Nakiri. Mke wangu amebandika cheti ukutani na amenisamehe nusu. Dirishani hamna kitu. Amenitandikia mkeka.
Nina mpango.
Nimemwandikia Mwenyekiti barua ya kukidai kiti. Ilianza vizuri: mke wangu alikitoa kwa hasira, mke wangu amejuta, tangu jana mkeka ndio kiti cha nyumba hii, na juu ya mkeka huo kiuno kimekuwa kama cha jiwe. Lakini barua yangu nani ataiamini baada ya jana? Ni bora itoke kwake yeye. Hakuna haja ya kuiandika upya. Natafuta "mke", naweka "mume".
Safari hii sikukurupuka. Nimelichunguza neno kwanza. Mke na mume ni ngeli moja, viambishi havitikisiki. Ndani yake hamna kiti, hamna "-ki-". Mtu mwenye akili haumwi na nyoka mara mbili katika shimo moja.
Badilisha Zote. Kompyuta imesema mabadiliko tisa. Mimi nakumbuka niliandika "mke" mara saba. Kumbe mashine nayo hukosea kuhesabu.
Nimeituma barua, na sasa nimejinyoosha kwenye mkeka nikisikiliza kama gari linarudi.