Mizani Imegoma Mia na Kumi na Nane

Jumatatu, 4 Agosti

Mia moja na kumi na nane. Tena. Wiki ya nane sasa namba haisogei. Nimepanda mizani ya kliniki hapa Mbale bila viatu, bila saa, mifuko mitupu, ndevu zote nimenyoa alfajiri. Bado mia na kumi na nane. Kumbe ndevu zangu hazina uzito wowote. Sasa nafanana na shangazi yangu wa Busia.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma: mimi ni Maxwell Otiende, mfanyabiashara wa samaki, Mkenya, mkazi wa Wanyange, Jinja, kwa miaka ishirini na miwili. Oktoba iliyopita madaktari walinifunga mkanda wa mpira sehemu ya juu ya tumbo, huko ndani kabisa, ili chakula kipite kidogo kidogo. Nilikuwa kilo mia na arobaini na tisa. Nikashuka vizuri hadi Juni. Halafu basi.

Na Ashley wangu anaolewa Jumamosi ya tarehe thelathini, hapahapa Mbale. Kanisa liko juu, ngazi ishirini na sita. Nimezihesabu nikiwa chini. Siku ya mahafali yake ya chuo nilibaki ndani ya pikapu kwa kuwa ngazi za ukumbi zilinishinda. Jina lake nililisikia kwenye spika. Hakunilaumu. Alikuja na joho lake tukanywa soda palepale kwenye pikapu, na mimi nilijifanya nina mafua. Nimemwahidi kwamba safari hii nitamshika mkono kutoka getini hadi madhabahuni. Bila fimbo. Ndani ya suti.

Suti ni habari nyingine. Fundi Burhan wa Jinja alinipima mwezi wa tano. Nikamwambia asihangaike na vipimo vile, ashone ya mtu wa kilo mia na tano. Akauliza kama aache kitambaa cha akiba kwenye mishono. Nikamjibu kwamba kuacha kitambaa ni kukosa imani. Akaniangalia sana, kisha akaandika.

Sista Khainza, muuguzi wetu, amepitia daftari langu la chakula. Sisi wa mkanda huandika kila kinachoingia mdomoni. Amenisifu kwa mstari mmoja tu: maji ya moto, lita mbili, kila Jumanne na Ijumaa. Amesema endelea hivyo hivyo. Nitaendelea.

Baada yangu akapanda Afande Nambozo, askari jela. Tulifanyiwa upasuaji siku moja, vitanda jirani. Alianza na mia na thelathini na moja. Leo tisini na mbili! Akashuka, akavuta mkanda wa sare tundu moja zaidi. Tundu hilo amelitoboa mwenyewe kwa msumari. Yapo matano ya namna hiyo, yamepangana vizuri. Mwanamke yule ana siri, na mimi nitaipata.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeleta samaki, ngege na omena, soko la Mbale. Mchana nimekula vijiko viwili vya matoke, nikavitafuna mpaka vikaishiwa ladha. Hakuna binadamu wa kusema kwamba nakula.

Saa kumi nikaenda Namatala kwa Mafabi, kama kila siku ya samaki. Tukazunguka chungu cha malwa, kila mtu na mrija wake. Ninachompendea Mafabi ni kwamba hachoki kuongeza maji ya moto. Akishamimina birika la tatu, pombe yenyewe imeshakwisha, yamebaki maji yenye kumbukumbu ya ulezi. Yanapita kwenye mkanda bila shida yoyote, wala hayakwami kama nyama. Hiyo inaonyesha wazi kwamba si chakula.

Nimelala kwa dada yangu. Kwenye daftari la Sista nimeandika: maji ya moto, lita mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Upelelezi. Nilijibanza karibu na kambi ya askari jela saa kumi na moja jioni, nyuma ya magunia ya mahindi, nimevaa kofia ya dada yangu. Afande akatoka na raba zake, akashika njia ya Industrial, eneo la viwanda, akaanza kuzunguka maghala. Anatembea kama mtu anayekwenda kukamata mwizi. Nikamfuata. Kwenye ghala la pili pumzi ikakata. Nikasimamisha bodaboda, nikamwambia mwenye pikipiki amfuate yule mama polepole. Akalalamika kwamba tangu aanze kazi hajawahi kubeba abiria wa kumfukuza mtu anayetembea kwa miguu, na kwamba injini itachemka.

Ghala la tano Afande akasimama, akageuka, akanisalimia kwa jina. Akasema kama nataka kutembea nishuke tu, barabara ni ya wote. Nikamwambia nilikuwa natafuta duka la nyavu. Akanielekeza njia kwa heshima zote. Mkononi alikuwa na chupa ya maji na rozari. Siri sikuiona.

Lakini miguu ile! Mizunguko mitatu, na hata hahemi. Nilibaki juu ya bodaboda namwangalia mpaka akapotea. Kisha nikapitia kwa Mafabi kupoza koo.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya aibu. Nilikuwa nimegundua kwamba mizani ya kliniki iko karibu na ukuta. Mtu akiegemeza kiwiko kwa ustadi, ukuta unambebea mzigo. Nikaegemea. Mia na kumi na mbili. Nikapiga makofi ya kushukuru, na kwa kupiga makofi kiwiko kikatoka ukutani. Sista Khainza aliivuta mizani hadi katikati ya chumba, mbele ya wagonjwa wote, akaniomba nipande tena. Mia na kumi na nane na nusu.

Nusu nzima imeongezeka. Watu wakacheka, mmoja mpaka akashika nyuzi zake za upasuaji. Afande Nambozo hakucheka. Akasimama, akawaambia kwamba yeye mwaka huu aliwahi kujivuta kwa nondo za dirisha, mizani ileile, na Sista akamkamata vilevile. Kicheko kikahamia kwake. Akakibeba bila kutikisika, kisha akaketi na kunifanyia nafasi kwenye benchi.

Sijui kama kweli aliwahi kushika nondo. Nadhani hakushika. Nimekaa na jambo hilo kifuani siku nzima. Mtu mwenye cheo, ndani ya sare, anajitwisha aibu ya muuza omena.

Kwa hiyo nimeacha upelelezi. Nitafanya naye biashara ya kiungwana. Nitampa siri yangu, naye anipe yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilimkaribisha Afande kwa Mafabi. Nilimweleza kwamba pale ndipo ninapopata yale maji ya moto ambayo Sista alinisifia kliniki. Alikuja na nguo za nyumbani. Mafabi alipoambiwa ni askari jela alitaka kuficha chungu, lakini Afande akamsalimia kwa Kigisu, akaketi.

Nikashika mrija wangu, nikamwonyesha. Nikamweleza birika la kwanza, la pili, la tatu. Nikamweleza jinsi yanavyoteremka bila kukwama. Akaniuliza kama hizi ndizo lita mbili za kwenye daftari. Nikasema ndizo, na siku nyingine hufika lita tatu, ila sitaki kujisifu mbele ya Sista.

Alicheka. Alianza taratibu, kisha akashika magoti, kisha akaomba kitambaa afute macho. Mafabi naye akacheka ingawa hakujua kinachochekwa. Mimi nilisubiri.

Alipotulia akanieleza polepole, bila kunidharau. Akasema mkanda unazuia ugali, nyama, matoke. Kinywaji unakiachia kipite. Na malwa ni ulezi, mzee, ulezi mtupu, kwa hiyo mimi nakula ugali kwa mrija mara mbili kwa wiki, sufuria nzima, halafu naandika maji. Hata daktari akikaza mkanda, akasema, mrija utapita tu.

Niliangalia ndani ya chungu. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Wala sikuwahi kuuliza, hilo nakubali.

Nikamdai siri yake. Akasema hana. Yeye alikwama wiki kumi na moja, mwezi wa pili hadi wa nne, kwenye mia na sita. Alilia ndani ya stoo ya sare, akanawa uso, akatoka kupiga gwaride. Akaendelea kutafuna taratibu, kutembea, na kuandika ukweli kwenye daftari, hata siku alipokula sambusa mbili za mgonjwa mwenzake. Wiki ya kumi na mbili namba ikashuka. Ni hayo tu.

Wiki kumi na moja, na kila siku anaamka kufanya yaleyale bila kujua kama yatafaa. Mimi wiki ya nane tu nilishanyoa ndevu. Namheshimu mwanamke huyu kuliko ninavyoweza kuandika.

Nimeweka mrija chini. Mafabi alidhani nimefiwa.

Jumatatu, 25 Agosti

Siku kumi bila malwa. Jumanne na Ijumaa, saa kumi, badala ya chungu natembea na Afande kuzunguka maghala. Siku ya kwanza nilifika ghala la pili. Ijumaa iliyopita nimemaliza mzunguko mzima. Yule wa bodaboda alikuwa pale, akanipigia honi.

Afande hanisifu hovyo. Nikisimama anasimama, anaangalia pembeni kama mtu anayesoma bango, mpaka nipate pumzi. Kisha anasema twende, bwana.

Mizani, katikati ya chumba: mia na kumi na tano. Sista aliangalia mara mbili. Nilitaka kulia, nikakohoa.

Hesabu lakini ni mbaya. Suti ni ya mia na tano. Siku tano zimebaki, kilo kumi. Na akiba kwenye mishono hakuna, kwa amri yangu mwenyewe.

Alhamisi, 28 Agosti

Jinja, kwa Burhan. Nilikwenda na mke wangu Edinah, Mama Ashley, kama shahidi wa msiba. Nilikuwa nimevaa fulana mbili za kubana na nimejifunga leso ya mke wangu tumboni mizunguko minne. Nikavuta pumzi, nikaingiza mkono wa kwanza, nikafumba macho.

Ikaingia. Suruali ikafunga. Kifungo cha koti kikafunga, na nafasi ya kuvuta pumzi ikabaki. Nikasema ni muujiza. Nikamwambia Burhan asimame tuombe. Burhan akawa anaokota pini chini ambazo hazikuwepo.

Ndipo Edinah, mama watoto wangu, akasema nitoe hiyo leso yake, anaihitaji kwa harusi. Akanieleza. Siku moja baada ya mimi kupimwa alikwenda dukani na suruali yangu ya kila siku, akamwambia Burhan ashone kwa hiyo, aache vidole vitatu vya kitambaa kila upande, na asinivunje moyo. Miezi mitatu na zaidi hajasema neno. Alinisikia nikijisifu kwa majirani wote wa Wanyange kuhusu suti ya mia na tano, na akanipakulia vijiko vyangu viwili.

Nilikasirika kwa kama dakika moja. Kisha nikaketi kwenye kiti cha Burhan, ndani ya suti, machozi yakanitoka. Edinah akanifuta uso kwa ncha ya leso yake. Nimeoa mtu mkubwa kuliko mimi, hata kama mizani haionyeshi.

Jumamosi, 30 Agosti

Ngazi ishirini na sita.

Ya tisa goti likaanza kelele. Ashley alinisikia akapunguza mwendo, akajifanya anarekebisha shela. Ya kumi na nne nikaona Afande Nambozo kasimama juu mlangoni, na sare yake ya sherehe, anaangalia pembeni kama mtu anayesoma bango. Nikapata pumzi. Midomo yake ikasema twende, bwana. Tukaenda.

Fimbo ilibaki kwenye pikapu. Nilitembea na mtoto wangu katikati ya kanisa, watu wote wamesimama, na suti haikuvutika popote. Pale mbele kabla sijamkabidhi, akaniambia sikioni kwamba soda ya leo tutanywea ndani. Sikumbuki mahubiri. Nililia hadi wimbo wa tatu wa kwaya, wazi, mbele ya wakwe.

Jumatatu, 1 Septemba

Mia na kumi na nne! Afande amenishika mkono kama askari mwenzake. Sista ameandika hongera. Malwa nimeapa kuiacha kabisa, na naandika kila kitu kwa ukweli mtupu.

Bahati nzuri, kwenye harusi nimevumbua bushera. Ni uji tu, mtama na sukari kidogo, hata watoto na waliojifungua hupewa. Si pombe, kwa hiyo marufuku ya Afande haiihusu. Inateremka kwenye mkanda vizuri ajabu. Nilikunywa vikombe sita, na mama muuzaji ameahidi kuniwekea dumu kila Jumanne na Ijumaa, karibu na maghala, nikimaliza kutembea. Kwenye daftari nitaiandika chini ya dawa.

Kwa mwendo huu, Ashley akipata mtoto, kwenye ubatizo nitakuwa tisini na tano. Kwa hiyo tuliporudi Jinja jioni nimepita kwa Burhan pamoja na Mama Ashley, nikaagiza suti ya pili, ya kilo tisini na tano kamili. Nimemwambia asiache hata uzi mmoja wa akiba. Burhan akasema sawa, mzee, kisha akamwangalia Mama Ashley, naye akainua vidole vitatu. Bila shaka alikuwa akimsalimia.