Barua ya Posa Kutoka Japani

Jamani, leo nimevuliwa nguo nikiwa nimezivaa. Tena nguo zenyewe mpya, za sare. Ngoja niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa Espérance, maana huyo akisimulia atanimaliza.

Mnajua mimi ni kinyozi. Mnajua pia (nimeshasema, na nitasema tena) kwamba mimi si kinyozi wa kawaida. Hapa katikati ya Durban, kwenye saluni ya Mama Solange, mimi ndiye mfasiri. Kila Jumamosi saa nane mchana tunawasha runinga, tunatazama tamthilia ya Kijapani, na mimi naieleza kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho huku mashine inaunguruma mkononi. Simu yangu ndiyo inayoonyesha, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Mama Solange na wasusi wake ni Wakongo wa Bukavu, wamesoma kwa Kifaransa. Bila mimi wangekuwa wanatazama midomo tu.

Na ninaeleza, jamani! Kwetu Voi nimekulia kwenye vibanda vya video, pale ambapo mtu mmoja anashika maikrofoni na filamu nzima inazungumza Kiswahili. Nafanya sauti ya mwanamume, nafanya ya mwanamke, nafanya ya mvua. Nilipofika hapa miezi saba iliyopita nilikuwa naitwa "ule Mukenya". Sasa naitwa Papa Mufasiri. Kiti changu kimetolewa kule mlangoni kwenye upepo kikawekwa karibu na runinga. Hata MaDlamini, bibi wa Kizulu asiyejua Kiswahili hata neno moja, huja kila Jumamosi kusukwa nywele alizosukwa Jumamosi iliyopita.

Tamthilia yenyewe ni hivi. Kuna mwigizaji maarufu, uso wake uko kwenye kila bango la Tokyo. Sisi tunamwita Staa. Siku moja analeta koti lenye doa kwa dobi. Msichana wa pale hana muda wa kutazama televisheni. Anamuuliza, "Jina lako nani, niandike kwenye risiti?" Kwisha kazi! Staa hajaulizwa jina lake miaka kumi. Tangu siku hiyo anachafua makoti makusudi ili arudi kwa huyo msichana, ambaye sisi tunamwita Dobi. Kikwazo ni mama mmoja mwenye miwani, anayemfuata Staa kila aendako.

Sasa, wiki tatu zilizopita nilikuwa namnyoa mtu mwenye vipele shingoni. Kazi ya kuinama hiyo. Dakika nne nzima sikutazama runinga. Nilipoinua macho, yule mama mwenye miwani amekaa mbele ya Dobi, anamsogezea bahasha nyeupe kwa mikono miwili. Dobi akafungua, akasoma, akalia. Kisha akasimama, akainamisha kichwa na mgongo, akabaki hivyo muda mrefu.

Saluni nzima ikanigeukia. "Papa Mufasiri! Iko nini?"

Ningeweza kusema sijui. (Mimi? Niseme sijui?) Nikapima haraka haraka: mama mtu mzima, bahasha nyeupe, mikono miwili, machozi, binti ameinama kwa adabu. Nyinyi mngesema ni nini?

"Barua ya posa!" nikatangaza. "Huyo ni shangazi yake Staa. Amekuja kuposa. Na binti amekubali!"

Vigelegele! Madereva wa taxi waliosimama kwenye robot, zile taa za barabarani, hapo chini walipiga honi bila kujua wanashangilia nini. Mama Solange alinikumbatia na povu la shampuu mikononi. Sijawahi kujisikia mtu mkubwa kama siku ile.

Wiki iliyofuata walirudia kile kipande, nikasoma maandishi mwenyewe. Kumbe! Yule mama si shangazi, ni meneja. Ile barua ilimtaka Dobi atie saini kwamba hatamwona Staa tena. Na kule kuinama, alikuwa anaomba radhi na kuaga.

Ningesema ukweli siku hiyohiyo. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Mama Solange akaingia na jora zima la kitenge cha kijani kutoka soko la Warwick. "Ya harusi," akasema, na macho yanang'aa. Mngefanyaje? Nikajipa moyo kwamba tamthilia za namna hii huisha kwa harusi, na mwisho ungeniokoa. Basi Dobi akilia dirishani, nikasema ni machozi ya bi harusi anayeaga kwao. Staa akikimbia kwenye mvua kumtafuta, nikasema anatafuta ukumbi.

Leo ndiyo ilikuwa sehemu ya mwisho. Nimefika nikakuta wasusi wote sita wamevaa kitenge cha kijani. Kuna fufu, kuna sombe (kisamvu chao), kuna samaki wa chumvi. MaDlamini amekuja na kofia yake ya kanisani. Na mimi nikakabidhiwa shati la kitenge kilekile, limeshonwa kwa kipimo changu, kwa sababu mimi ndiye mshenga. (Lilinikaa vizuri sana. Hilo niseme.)

Saa nane. Kuna mteja kitini, nimeshamtoa ndevu upande mmoja. Nachomeka simu yangu kwenye runinga. Data hakuna, zimeisha.

"Acha tu," akasema Espérance, msusi wa kiti cha pili. "Minaweka telefone yangu. Yangu iko na Français, tutasoma siye wenyewe. Leo upumuzike, Papa Mufasiri. Mushenga hafanye kazi."

Alisema kwa upendo kabisa.

"Hapana!" nikasema. "Maandishi ya Kifaransa yanaumiza macho!"

"Siye tumeyasoma tangu utoto," akajibu Mama Solange. "Ikaa."

Nikakaa. Na kabla ya kipindi kuanza, wakarudia yaliyopita. Tukio la kwanza kabisa lilikuwa lile lile: meza, miwani, bahasha. Espérance akasoma kwa sauti, akageuza Kiswahili polepole. "'Mimi, meneja wake, ninakuomba utie saini hapa. Usimuone tena.'"

Mama Solange akasimamisha picha.

"Meneja?"

MaDlamini akauliza kwa Kizulu kuna nini. Espérance akamnong'oneza. MaDlamini akasema "Eish!" kisha akavua kofia, akaiweka magotini taratibu kama mtu aliyefika msibani.

"Papa Mufasiri, simama."

Nikasimama. Na lile shati.

"Ulisema ule ni tante yake."

"Nilisema, Mama."

"Mwanaume alikimbia mu mvua, ukasema anatafuta salle ya fête."

"Alikuwa anatafuta... kitu."

Mteja wangu wa nusu ndevu akaangua kicheko. Wengine wote hawakucheka. Mama Solange akaendeleza kipindi bila kunitazama, na mimi nikabaki nimesimama, namwomba Mungu hao Wajapani wafunge ndoa hata ya dakika mbili.

Staa anazunguka miji. Anampata Dobi kwenye mji mdogo, duka lingine la dobi. Amebeba koti lenye doa. Dobi anamtazama, anachukua kalamu. "Jina lako nani?" Staa anataja jina lake la kuzaliwa, lile ambalo hatujawahi kulisikia. Wanatabasamu. Treni inapita. Kwisha.

Hakuna harusi. Hata mkono hawakushikana! Runinga ikawa nyeusi, na ndani yake tunajiona sisi wenyewe tumekaa na kijani chetu.

"Njo mwisho?" akauliza Mama Solange.

"Njo mwisho," akasema Espérance.

Hapo nikasema, maana kulikuwa hakuna pa kukimbilia. "Nisameheni. Siku ile ya bahasha nilikuwa naangalia vipele. Niliona haya kusema sijui. Halafu mlifurahi sana, nikashindwa kuwarudisha." Sauti ilinikatika kidogo (kidogo tu, Espérance atawaambia nililia). Nilikuwa nishaanza kutafuta kwa macho pale mlangoni ambapo kiti changu kitarudishwa.

Mama Solange akatazama sufuria la sombe. Akatazama kitenge chake. Akanitazama mimi.

"Muntu anazunguka bamiji yote ile," akasema, "anachafua bakoti, analoana na mvua, halafu anafika anasema jina? Jina tu! Hata kuku hana!" Akapiga kofi moja kwenye paja. "Espérance, toa Français. Rudisha nyuma. Papa Mufasiri, elezea weye. Na ile tante arudi."

Jamani. Sijawahi kueleza kama nilivyoeleza leo. Meneja akarudi kuwa shangazi. Saini ikawa ya mashahidi. Koti lenye doa likawa koti la harusi, limeletwa kwa bi harusi mwenyewe alisafishe kwa mikono yake. Na ile treni, ilibeba wajomba wote wa Tokyo! Nikafanya sauti ya wajomba, mmoja mmoja. Nikafanya sauti ya treni. Wasusi wakapiga vigelegele mpaka madereva wakapiga honi tena. MaDlamini akavaa kofia yake na kuwashinda wote kwa kelele. Mteja wangu alikaa mpaka mwisho na ndevu zake za upande mmoja, halafu akaomba sombe.

Kiti changu bado kiko karibu na runinga.

Basi msinicheke. Kama kuna anayefahamiana na Staa, amwambie pole pole: Durban tumeshamwoza.