Basi Lililovaa Bafta

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Nimesugua mikanda ya alumini tangu alfajiri. Inaanzia mlango wa dereva, inapita ubavuni mwa basi mpaka nyuma, inazunguka na kurudi upande wa pili. Tabora nzima hakuna kitu kinachong'aa hivi, hata kengele ya misheni. Leo nimejitazama humo nikachana nywele. Sura nzuri.

Mzee Mahona, mwenye mabasi, ametuita madereva wake wawili, mimi na Yahaya. Jumamosi binti yake Apolinaria anapelekwa Ziba kuolewa. Basi litakalopendeza zaidi ndilo litakalombeba, na dereva wake atavikwa kofia ya dereva mkuu. Tumeonyeshwa kofia yenyewe. Nyeusi, ina ukingo mbele na vifungo vya dhahabu. Mama mkwe bado anamwambia mke wangu kwamba aliolewa na mshika usukani. Akiiona kofia ile atanyamaza.

Yahaya ni Mzaramo, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Akinitukana sina ruhusa ya kukasirika. Tumeyarithi hayo kwa mababu waliopanda na kushuka na misafara ya pwani. Leo kasema kofia haitaenea kichwani kwangu, nitafutiwe kapu. Nimecheka kama desturi inavyotaka. Rohoni sikucheka. Mikanda yake yeye huipangusa kwa kitambaa kibichi, kisha huyo anakwenda kunywa chai. Maskini.

Jumanne, 2 Agosti

Balaa. Nimemkuta mke wangu Eustadia amesugua mkanda wa mlangoni kwa majivu na mchanga, kama anavyosugua sufuria. Alitaka kunisaidia. Mikwaruzo mitupu! Nimemweleza kwamba basi si sufuria. Akauliza tofauti ni nini, kwani bati ni lile lile. Nikamnyang'anya majivu.

Lakini mwenye akili haishii kulalamika. Nimetambua kwamba kung'arisha ni kazi ya mtu yeyote. Kulinda mng'aro ndiyo kazi ya bingwa. Mkanda unahitaji ngozi juu yake. Nta!

Jumatano, 3 Agosti

Nimepita Isikizya kwa Luhende, mrina asali. Amenipa bonge la nta mbichi, bado ina asali ndani. Akanionya niichemshe na maji, niichuje, niiache igande, kisha nirudie na kurudia mpaka isinuke asali hata kidogo, la sivyo wenye asali yao wataifuata. Nikamuuliza wenye asali ni akina nani, kwani nimeshamlipa. Akacheka tu. Watu wa porini wanapenda mafumbo.

Nimechemsha mara moja. Sufuria ni ya Eustadia, hajui. Harufu ilikuwa tamu hata nikaona ni dhambi kuiondoa. Nimepaka mikanda yote. Mikwaruzo imepotea, basi linang'aa na linanukia. Yahaya alipita, akanusa, akauliza kama ninaongeza mke. Wivu huo.

Alhamisi, 4 Agosti

Safari ya Nzega. Sikulifikiria vumbi. Nta ikishika vumbi haiachii. Nimerudi na mikanda myekundu kama tofali. Eustadia ameniuliza tena kuhusu ile tofauti yake na sufuria.

Nimekwangua yote na kupaka upya mpaka jua likazama. Sasa nimeelewa: kinga nayo inahitaji kinga. Kesho nitaivisha mikanda nguo, na sitaivua mpaka Jumamosi, mbele ya Mzee Mahona.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimeingia dukani kwa Mwanamkuu, hapa Ng'ambo, kutafuta kitambaa. Nimechagua bafta nyeupe, kwa kuwa kitambaa cha rangi kingechuja kwenye nta. Mwanamkuu akaniuliza kwa sauti ya chini nataka kiasi gani. Nikamwambia anikatie ya kuenea basi zima. Akashika kinywa, akasema poleni sana. Ni kweli nimechoka wiki hii. Nimemshukuru.

Nikaivisha mikanda, nikaendesha kutoka Ng'ambo mpaka stesheni. Heshima niliyoiona leo! Wapanda baiskeli walishuka. Wanaume walivua kofia. Karani wa posta alisimama kando ya njia akainamisha kichwa mpaka nikapita. Abiria tu ndio walikuwa wachache. Kila niliyemsimamia alisema atangoja basi lingine. Nadhani wanaogopa kulichafua.

Miaka yote niliyoshika usukani sijawahi kuvuliwa kofia na mtu. Na hapo mikanda imefunikwa. Kesho nikiifunua itakuwaje?

Jumamosi, 6 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Nilichelewa makusudi kufika kwa Mzee Mahona, ili watu wote wawe wametoka nje. Walikuwa nje. Basi la Yahaya lilikuwepo, limepanguswa tu. Nilipokata kona, vigelegele vikakatika. Koleta, shangazi wa bibi harusi, akauliza kwa sauti ni nani huyo aliyeleta sanda kwenye harusi. Nikageuka nyuma kuitazama hiyo sanda.

Mara Yahaya akajitupa chini mbele ya gurudumu langu, akaangua kilio cha matanga. Akatangaza kwamba maiti haipiti hapo mpaka mtani apate haki yake. Akamtaja na marehemu: ni kofia ya Anselm, yaani yangu mimi, iliyofariki kabla ya kuvaliwa. Watu walicheka, bibi harusi akashika ukuta asianguke. Ndipo nilipoelewa zile pole za Mwanamkuu.

Mtani akizuia maiti ni lazima apewe kitu. Yahaya aliidai bafta. Ningefanyaje? Ningekasirika, ningeonekana mtu asiye na kwao. Akaifungua mwenyewe kutoka mbele mpaka nyuma, akajizungushia kiunoni, akacheza.

Nta ilikuwa imelainika kwa jua. Mikanda iling'aa, naapa. Ua mzima ulimulikwa, na Mzee Mahona alikinga macho kwa kiganja. Nilimwona. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Kisha wenye asali wakaja. Kwanza mmoja, halafu wachache, halafu mkanda mweusi wa nyuki ulioifunika alumini yangu mlango hadi mlango. Luhende alimaanisha nyuki. Si angesema nyuki! Wageni walikimbilia basi la Yahaya pamoja na bibi harusi wao, na Yahaya akaondoa gari akiwa bado amevaa bafta yangu. Kofia alipewa kupitia dirishani. Mimi nilibaki kuilinda mikanda kwa mkono huu wa kulia.

Niliitaka sana kofia ile. Nimelia kidogo. Eustadia nimemwambia ni nyuki.

Jumatatu, 8 Agosti

Mzee Mahona ameniita. Nilitegemea kufukuzwa. Amesema basi langu atapewa dereva mpya, Alois, na mimi nitaendesha lori la kubeba nta na asali kutoka Isikizya mpaka stesheni, kwa kuwa nyuki wameshanizoea. Hawajanizoea hata kidogo, lakini nimemwelewa. Ameuona ujuzi wangu wa nta. Amelificha jambo hilo ili Yahaya asione vibaya. Kazi hii hapa mjini hakuna mwingine anayeiweza.

Lori ni kuukuu, halina mkanda hata mmoja. Lakini mbele, juu ya rejeta, kuna kifuniko cha alumini, kidogo kama ngumi. Nimekisugua mpaka nikaiona sura yangu, ingawa bado imevimba. Kitu kizuri hivi hakiachwi wazi kwenye vumbi. Nta ninayo, lori limejaa. Na Eustadia alikuwa amehifadhi kipande cha bafta kilichobaki. Nimekipaka, nikakivisha, nikakifunga kwa uzi.

Nilipofika stesheni, Yahaya alikuwa ameketi ndani ya basi lake na kofia mpya kichwani. Alikiona kile kitambaa cheupe mbele ya lori. Akashuka, akaivua kofia, akaiweka kifuani na kuinamisha kichwa mpaka nikapita.

Hatimaye ameniheshimu.