Kikohozi cha Simeon Waswa

Njoni, enyi wenye masikio, na ninyi mlioyaziba kwa nyaya za simu yazibueni. Acheni maharagwe yaungue jikoni na wateja wangoje kibandani, kwa maana leo nasimulia vita visivyopiganwa kwa mkuki wala kwa bunduki, bali kwa mto wa kulalia, huko Kisumu kando ya ziwa, katika wodi ya wanaume, kitanda cha saba.

Shujaa wetu ni Simeon Waswa, Simba wa Suruali, Radi ya Kibuye, mzaliwa wa Bungoma aliyelowea Kaloleni, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alinguruma katika soko la Kibuye juu ya rundo lake la mitumba hata wauza viatu wa upande wa pili wakamwomba, kwa heshima zote, apunguze. Sauti hiyo haikushindwa na mvua wala na vipaza sauti vya wahubiri. Lakini ndani ya kifua kile kipana, vali moja ya moyo iliyoharibiwa na homa ya utotoni ilikuwa imechoka kumtumikia. Mwaka huu ikakataa kabisa, naye akawa anahema kama aliyekimbizwa, hali ameketi. Ndipo madaktari wakaupasua mfupa wa kifua chake kwa msumeno, wakaing'oa vali kuukuu, wakamshonea mpya ya madini, wakaufunga mfupa kwa waya wa chuma. Saa tano nzima walishughulika. Shujaa, kwa ujasiri usio na kifani, alikuwa amelala.

Siku ya nne adui akajitokeza. Alikuja kwa umbo la Lorine, mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe, akasimama miguuni pa kitanda akiwa na mto mdogo mgumu.

"Baba, kumbatia huu mto, ubane kifua, halafu ukohoe. Kohoa kabisa. Makohozi yakikaa huko chini, mapafu yatashika nimonia."

Radi ya Kibuye akautazama mto kama mfalme aliyeletewa barua ya kusalimu amri, akanena:

"Dada Lorine, sikiliza. Mimi nimeinua belo zima la suruali peke yangu, nikalipandisha kwa mkokoteni, nikiwa na malaria. Nimebishana na akina mama wa Kisian juu ya zipu mbovu, nikashinda. Mtu wa namna hiyo haamrishwi kukohoa kama mtoto wa chekechea. Nitakohoa saa yangu ikifika."

"Imefika, Baba. Ni saa nne na robo."

"Ehem," akasema shujaa.

"Hiyo si kukohoa. Hiyo ni mtu anaomba nafasi ya kuongea kwa mkutano."

Katika kitanda cha nane alilala Mzee Dalmas, fundi wa reli aliyestaafu, ambaye naye alikuwa amepasuliwa wiki moja kabla. "Yawa!" akaitangazia wodi. "Mwanaume mzima anaogopa kikohozi! Mimi nilikohoa siku ya pili, mpaka sista akakimbia."

Basi ukaanza mzingiro wa siku mbili, na historia haina budi kukiri mbinu za shujaa. Aliposikia raba za Lorine zikilia sakafuni, usingizi ulimvamia papo hapo. Usingizi uliposhindwa, alishikwa na maombi ya ghafla, ya kuiombea nchi nzima, kaunti baada ya kaunti. Alitoa "ehem" arobaini, kila moja akiihesabu kuwa ushindi.

Lakini homa ikapanda. Asubuhi ya siku ya sita daktari alimsikiliza mgongoni, akarudia kusikiliza palepale, akakunja uso. Pafu la kulia lilikuwa limeziba upande wa chini. Lisipofunguka siku hiyo, alisema, wangemrudisha chumba cha mahututi, na mpira wa kupumulia ungerudi kooni.

Saa za kuona wagonjwa akaja mkewe Metrine na chupa ya uji wa wimbi. Alikuwa ameshaambiwa yote mlangoni.

"Baba Becky, kwani shida ni nini?"

Simba wa Suruali akaugeukia ukuta.

"Naogopa," akasema. Haikuwa sauti ya sokoni. "Ukinyamaza utaisikia hii vali hapa. Tik, tik. Najua ndiyo hiyo imenishika duniani. Sasa nikikohoa, Metrine, waya zikatike, ile kitu ifyatuke? Nimeuza nguo miaka yote hii. Hakuna uzi sijaona ukiachia."

Metrine hakucheka. "Mimi nilikaa kwa benchi ya nje saa tano," akasema. "Sikukaa pale ndio wewe uje ushindwe na makohozi." Akaenda kumwita Lorine.

Lorine aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Ungeniambia tangu juzi, Baba. Mshono wa suruali hauponi. Wa moyo unapona. Nyama yako mwenyewe inaushika kila siku. Mfupa umeshikwa na waya, juu yake kuna mto, na juu ya mto mikono yako. Itauma, sikudanganyi. Lakini haitafunguka."

Shujaa akaukumbatia mto. Metrine akaweka mikono yake juu ya mikono ya mumewe.

Shambulio la kwanza lilitoa sauti ya paka aliyemeza unyoya. La pili lilimchoma kutoka shingoni hadi kitovuni, machozi yakamtoka, akawataja mababu zake Wabukusu mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta pumzi, akafumba macho, akajitupa vitani. Kikatoka! Vikombe vikatetemeka juu ya vikabati, ndege waliokuwa juu ya tangi la maji wakaruka, na katika bakuli la chuma likatua donge la manjano, zito, ambalo Lorine alilitazama kwa furaha ya mkunga. Waswa akajipapasa kifuani taratibu, upande huu na upande ule. Palikuwa pameshika. Akakohoa tena, bila kuambiwa.

Mzee Dalmas akainuka kwa kiwiko. "Wenzangu wa wodi hii! Mimi nimefanya kazi na injini za treni miaka thelathini, na hii nimeivulia kofia. Bwana Waswa, umetuheshimisha. Sasa tuache tulale."

Metrine akapiga simu Kibuye kwa Mama Waithera, jirani yao wa kibanda cha mashuka. "Amekohoa!" akasema. Upande wa pili vikapigwa vigelegele, na mtu fulani, bila kujua habari yenyewe, akagonga sufuria.

"Tunarudia saa tisa," akasema Lorine, akafungua faili, akaandika kwa wino wa buluu: *Mgonjwa amekohoa vizuri.* Akatia tarehe, saa na sahihi. Falme ngapi zimeinuka na kuanguka pasipo kuandikiwa hata hayo!